Sura ya Saba: Moyo Huu, Dawa Ipi?

Mwanzoni mwa mwaka 1949, madaktari nchini Marekani walianza kupokea wagonjwa wa moyo wenye dalili zisizoeleweka. Mikono iliwatetemeka, miguu iliyumba, maneno yaliwakwama mdomoni, na wengine walizama katika usingizi mzito. Walipoulizwa wanakula nini, majibu yalifanana. Walikuwa wamekatazwa chumvi kwa ajili ya moyo, wakanunua dukani chumvi mbadala iliyouzwa kwa majina kama Westsal, wakawa wanainyunyizia chakula kadiri ulimi ulivyotaka. Chumvi ile ilikuwa kloridi ya lithiamu. Baadhi yao walikufa kabla ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi ile, FDA, kuwatangazia wananchi waache kuitumia.

Septemba ya mwaka huohuo, daktari wa Australia aitwaye John Cade alichapisha taarifa kuhusu wagonjwa kumi wa mania aliowapa lithiamu katika hospitali yake jijini Melbourne. Mmoja wao alikuwa amekaa katika vurugu ya mania kwa miaka mitano. Alitulia, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akarudi kazini. Mwaka uliofuata mtu huyohuyo alikufa, sumu ya lithiamu ikiwa imemzidi mwilini. Ndivyo ilivyoingia duniani dawa kongwe ya ugonjwa wa baipola, ambayo kwa maoni yangu bado ndiyo ya kuheshimiwa kuliko zote. Marekani ilisubiri hadi 1970 kuiruhusu rasmi.

Kisa cha chumvi mbadala kinafundisha jambo ambalo kila mgonjwa wa baipola mwenye presha au moyo mbovu anapaswa kulijua. Figo hushughulikia lithiamu karibu sawa na inavyoshughulikia sodiamu ya chumvi ya kawaida. Mtu akipungukiwa chumvi, figo huirudisha mwilini kila sodiamu inayopita, na lithiamu hurudi pamoja nayo badala ya kutoka na mkojo. Wagonjwa wale walikuwa wamenyimwa chumvi, mioyo yao haikupeleka damu ya kutosha kwenye figo, na hakuna aliyekuwa anapima kiwango cha lithiamu katika damu yao. Dawa ile ile, kwa kijana mwenye figo nzima anayekula chumvi ya kawaida na kupimwa damu kila baada ya muda, ingekuwa salama.

Kwa hiyo mtu anapouliza, "Dawa hii inaharibu moyo?", swali lake halina jibu. Linapata jibu likiulizwa kwa urefu: ni moyo wa nani, dawa inakutana na dawa gani nyingine, na nani atakayeangalia siku zikienda? Sura hii yote inahusu swali hilo refu, nami nalielekeza kwenye sonona ya baipola kwa sababu hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu zaidi.

Wengi wakisikia baipola huwaza mania: mtu halali, anatoa fedha hovyo, anaongea bila kituo. Ndugu wanaoishi na mgonjwa wanajua upande wa pili. Lewis Judd na wenzake waliwafuatilia watu 146 wenye baipola ya aina ya kwanza kwa wastani wa karibu miaka 13, na matokeo yao ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba dalili za sonona zilichukua karibu theluthi ya majuma yote ya maisha yao, ilhali mania haikufika hata asilimia 10. Ni sonona inayomlaza mtu kitandani saa nne asubuhi, inayomwondoa kazini, na inayomleta kwenye mawazo ya kujiua. Dawa zake hunywewa kwa miaka. Hata hatari ndogo kwa moyo, ikirudiwa kila usiku kwa miaka ishirini, inastahili kupimwa mapema.

Ugonjwa wenyewe nao unaugusa moyo. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa 2013 uliwalinganisha watu zaidi ya 6,600 wenye baipola na wananchi wengine wote. Wanawake wenye baipola walikufa miaka 9 mapema, wanaume miaka 8.5. Kujiua kulichangia, lakini magonjwa ya moyo, kisukari na mapafu yalikuwa na sehemu kubwa. Mwaka 2015 Chama cha Moyo cha Marekani kilitamka kwamba kijana mwenye baipola ahesabiwe kuwa na hatari iliyoongezeka ya mishipa kuziba mapema. Sababu zake zinafahamika: usingizi uliovurugika, sigara, kutotembea, homoni za msongo zisizoshuka, na kunenepa. Ndani ya utafiti ule wa Sweden kuna jambo jingine ambalo nalithamini kuliko takwimu zake zote. Pengo la vifo vilivyotokana na magonjwa sugu lilikuwa dogo kwa watu ambao ugonjwa wao wa mwili ulikuwa umekwisha kugunduliwa, na kubwa kwa wale ambao haukuwahi kuandikwa popote. Nasoma hapo kwamba wengi walikufa kwa magonjwa ambayo hakuna aliyeyatafuta. Mgonjwa wa akili akilalamika kifua kinabana, mara nyingi huambiwa ni wasiwasi.

Sasa tuziangalie hatari zenyewe, tukianza na ile inayoogopwa zaidi: umeme wa moyo.

Kila baada ya pigo, seli za moyo hujiandaa upya kwa pigo linalofuata, na maandalizi hayo hutegemea potasiamu kutoka ndani ya seli kwenda nje kupitia vijilango vidogo sana. Dawa nyingi za akili huviziba vijilango hivyo kwa kiasi fulani. Moyo ukichelewa mno kujiandaa, pigo jipya linaweza kuukuta hauko tayari. Mapigo huvurugika, damu haifiki kichwani, mtu huanguka. Mara nyingine mvurugiko hukoma wenyewe na mtu huinuka akidhani alizimia kwa njaa. Mara nyingine haukomi. Mfaransa François Dessertenne aliueleza mchoro wa mvurugiko huo mwaka 1966, alipousoma kwenye karatasi ya moyo ya bibi wa miaka 80.

Kuchelewa huko hupimwa kwa kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini hukiita ECG. Ni kipimo cha dakika chache, hakiumi, na hakihitaji damu. Daktari huangalia muda uitwao QT, akiurekebisha kulingana na kasi ya mapigo. Kwa mwanamume hadi milisekunde 450 ni kawaida, kwa mwanamke hadi 460. Ukifika 500, au ukiongezeka kwa 60 kutoka ulipokuwa kabla ya dawa, hatua huchukuliwa siku hiyohiyo. Wanawake huwa na QT ndefu kidogo kwa maumbile, na wengi wa watu waliopata mvurugiko huu kwa sababu ya dawa ni wanawake.

Dawa zilizowahi kuondolewa kwa sababu hii zipo. Thioridazini, iliyotumika kwa miongo mingi, iliondolewa sokoni na mtengenezaji wake mwaka 2005. Sitalopramu, dawa ya sonona iliyodhaniwa kuwa pole kabisa, iliwekewa kikomo na FDA mwaka 2011: isizidi miligramu 40 kwa siku, na wenye zaidi ya miaka 60 wakawekewa 20. Mwaka 2009 Wayne Ray na wenzake, wakipitia kumbukumbu za wagonjwa wa jimbo la Tennessee, walionyesha kwamba watumiaji wa dawa za kutuliza saikosisi walikufa ghafla kwa moyo karibu mara mbili ya wasiotumia. Dawa mpya hazikuwa salama kuliko za zamani, na kadiri dozi ilivyopanda, hatari ilipanda nayo. Kwetiapini na olanzapini, zinazotumika sana kwa sonona ya baipola, zilikuwa miongoni mwa dawa zilizochunguzwa.

Mara mbili ni neno zito. Lakini mara mbili ya jambo adimu bado ni jambo adimu, na dawa moja peke yake, kwenye moyo mzima na dozi ya kawaida, ni nadra kumwangusha mtu. Hatari hujengeka kwa kurundikana. Kwetu Afrika Mashariki mrundikano huo una sura yake, na vitabu vinavyoandikwa kwingine havikuwazia hali hiyo. Mgonjwa anayetumia kwetiapini anapata homa, anapewa kwinini, ambayo hurefusha QT. Anatapika, anachomwa ondansetroni, nayo hurefusha QT. Kifua kinakohoa, duka la dawa muhimu linampa erithromaisini au azithromaisini. Fangasi, flukonazoli. Siku tatu za kuharisha zimeshamwondolea potasiamu na magnesiamu, na vidonge vya presha vya kukojoza mkojo, iwe bendro au lasiksi, vinazidi kuipunguza potasiamu. Mwenye kifua kikuu sugu anaweza kuwa anameza bedakwilini, ambayo nayo inahitaji ECG za mara kwa mara. Kila mmoja aliyempa dawa alifanya kazi yake kwa nia njema. Hakuna aliyeiona orodha nzima.

Hapo ndipo ninapomsihi mgonjwa na anayemuuguza waibebe orodha wao wenyewe. Picha ya pakiti zote kwenye simu inatosha. Muuza dawa akionyeshwa picha hiyo kabla ya kutoa kitu kipya, nusu ya kazi imekwisha. Aliyewahi kuzimia ghafla, hasa akiwa anakimbia au anaogelea, au aliyepoteza ndugu wa damu kijana kwa kifo cha ghafla kisichoelezeka, anapaswa kulisema hilo kabla ya kidonge cha kwanza, na ECG ifanyike kabla ya kuanza dawa, si baada.

Lamotrijini ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa haiugusi moyo. Hainenepeshi, hairefushi QT, haipandishi sukari. Adui yake anayejulikana ni upele hatari wa ngozi, ndiyo maana huanza na miligramu 25 kwa wiki mbili na kupandishwa polepole hadi kufika 200 baada ya wiki kama sita. Machi 2021 FDA ilitoa onyo jipya. Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa dawa hii inaweza kuathiri njia za sodiamu za moyo, kama zifanyavyo baadhi ya dawa za kurekebisha mapigo, na kwamba wenye kasoro ya maumbile ya moyo au ya mfumo wake wa umeme wanaweza kupata mapigo yasiyo na mpangilio. Wataalamu wa kifafa, wanaoitumia dawa hii kuliko mtu yeyote, walilichambua onyo hilo na kushauri ECG kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wenye ugonjwa wa moyo unaojulikana. Kijana asiye na tatizo la moyo hawakutaka atishwe.

Nakubaliana nao, kwa nyongeza moja ya kwetu. Katika nchi zetu bado kuna vijana wengi ambao homa ya rumatiki ya utotoni iliwaharibia milango ya moyo, na baadhi yao hawajui. Walikuwa na koo linalouma na viungo vilivyovimba wakiwa darasa la tatu, wakapona, yakaisha. Leo wana miaka 28 na wanachoka wakipanda ngazi. Kabla ya kumwita mtu kijana mwenye moyo mzima, daktari anapaswa kuweka kipimasauti kifuani na kusikiliza. Ukisikika mnong'ono usio wa kawaida, moyo upigwe picha ya ultrasaundi kwanza.

Tuirudie lithiamu, maana inadai uangalifu wa namna yake. Kwa moyo wenyewe, huweza kupunguza kasi ya kituo kinachoanzisha mapigo, hasa kwa wazee, na kwenye ECG hubadilisha mawimbi kidogo bila madhara kwa watu wengi. Jambo zito liko kwenye presha. Mtu wa miaka 50 akigundulika na presha, ushauri wa kwanza ni apunguze chumvi, na kidonge cha kwanza mara nyingi ni bendro, haidroklorothiazaidi, losartani au enalaprili. Vyote vinne hupandisha kiwango cha lithiamu kwenye damu. Ongeza ibuprofeni au diklopa ya maumivu ya mgongo, na hali ya wale wagonjwa wa Marekani imerudi, safari hii kwa maagizo halali ya hospitali. Parasetamoli haina tatizo hilo. Amlodipini kwa presha ni rafiki wa lithiamu kuliko hizo nyingine. Anayepunguza chumvi apunguze taratibu, akae kwenye kiwango kimoja, na amjulishe anayempima damu.

Kiwango cha lithiamu kinachotafutwa mara nyingi ni kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita, wakati mwingine hadi 1.0, na juu ya 1.5 ni eneo la sumu. Pengo hilo ni jembamba. Mahali ambapo maabara haiwezi kupima lithiamu, dawa hii haipaswi kuanzishwa, hata kama boksi lipo kwenye kabati. Kwa Mwislamu anayefunga Ramadhani wakati wa joto la pwani, mazungumzo na daktari yafanyike Shaabani, kabla mwezi haujaandama: dozi inywewe saa ngapi, maji kiasi gani usiku, na dalili zipi zikitokea afungue. Kutetemeka kunakozidi, kuharisha, kuyumba na ulimi mzito ni sababu za kwenda hospitali siku hiyohiyo, na kidonge kinachofuata kisimezwe kabla damu haijapimwa.

Kwa nini basi tuhangaike nayo? Kwa sababu lithiamu ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko nyingine kwamba hupunguza kujiua. Hilo huwekwa kwenye mizani upande wa pili, na kwa mtu aliyewahi kujaribu kujiua huzidi uzito karibu kila kitu nilichokitaja hapa.

Sonona ikitajwa, wengi huenda moja kwa moja kwenye dawa za sonona, na katika zahanati nyingi dawa hiyo ni amitriptilini. Ni ya bei nafuu, inaleta usingizi, inapunguza maumivu. Kwa mgonjwa wa baipola mwenye moyo mbovu naona ni chaguo baya mara mbili. Huweza kumtupa mtu kwenye mania, hasa isipoambatana na dawa ya kutuliza hisia. Na huzuia njia za sodiamu za moyo. Mwaka 1989 jaribio kubwa lililoitwa CAST liliwapa watu waliopona mshtuko wa moyo dawa za kurekebisha mapigo zinazofanya kazi kwa njia hiyohiyo, na waliopewa dawa walikufa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Tangu hapo madaktari wa moyo wamekuwa waangalifu na kundi zima la amitriptilini. Vidonge vya wiki chache vikimezwa kwa pamoja vinaua, na hiyo peke yake ni sababu ya kutomwachia chupa nzima mtu anayewaza kufa.

Sertralini ina historia nzuri zaidi. Jaribio lililochapishwa 2002 liliwapa dawa hiyo watu wenye sonona waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo au maumivu makali ya kifua, jumla yao 369 wakiwemo waliopewa vidonge vitupu, na haikuonekana kuudhuru moyo. Lakini salama kwa moyo na yenye kufaa kwa baipola ni mambo mawili. Mwaka 2007 utafiti mwingine wa Marekani uliwaongezea watu 366 wenye sonona ya baipola ama dawa ya sonona ama kidonge kitupu juu ya dawa zao za kutuliza hisia. Waliopona na kubaki wamepona walikuwa karibu sawa pande zote mbili: asilimia 23.5 kwa dawa, 27.3 kwa kidonge kitupu. Daktari anayekwepa hatari ndogo ya moyo kwa kuchagua dawa isiyoitibu sonona hajamkinga mgonjwa na chochote.

Inabaki hatari ya polepole. Haiangushi mtu sokoni, haionekani kwenye ECG, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha olanzapini pamoja na fluoksetini kwa sonona ya baipola, dawa ya kwanza kupewa kibali cha kazi hiyo. Kwetiapini ikafuata 2006. Zote mbili zinafanya kazi, tena ndani ya wiki chache. Lakini zinafungua njaa isiyoshiba. Mgonjwa anakula chakula cha usiku, saa tano anaamka kutafuta ubwabwa uliobaki. Miezi mitatu baadaye suruali hazifungi. Kwa jamii inayosifu kunawiri, ndugu wanashangilia kwamba amepona, amerudisha mwili, huku sukari na mafuta ya damu yakipanda bila dalili. Mshtuko wa moyo utakaompata akiwa na miaka 54 hautaandikwa kuwa ulianzia kwenye kidonge cha usiku cha miaka kumi na mitano nyuma.

Februari 2004 vyama vya madaktari wa kisukari na wa akili nchini Marekani vilikubaliana namna ya kuwafuatilia watumiaji wa dawa hizi: uzito, mzingo wa kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu kabla ya kuanza, uzito tena wiki ya nne, ya nane na ya kumi na mbili, na damu tena mwezi wa tatu. Ni mpango rahisi kiasi kwamba sehemu kubwa yake haihitaji maabara. Mizani ya zahanati na futi ya fundi cherehani vinatosha kuanza. Uzito unaopanda wiki nne za kwanza ndio onyo lenyewe, na hapo ndipo pa kubadili dawa au kuongeza metformini. Kilo kumi na tano zikishaingia, kuzitoa ni kazi ya miaka.

Zipo dawa mpya zenye hatari ndogo upande huu: lurasidoni iliyopata kibali cha sonona ya baipola 2013, kariprazini 2019, lumateperoni 2021. Kwa mwenye kisukari tayari ningezitafuta kwa bidii. Lakini lurasidoni lazima imezwe na chakula cha angalau kalori 350, la sivyo haifyonzwi vizuri, kwa hiyo anayelala na chai tupu anapoteza fedha zake. Pia haichanganywi na rifampisini ya kifua kikuu wala kabamazepini, kwani huiondoa mwilini kabla haijafanya kazi. Na dawa inayokatika mwezi wa tatu kwa sababu familia imeishiwa inamrudisha mgonjwa pale alipokuwa. Bei ni sehemu ya usalama wa dawa, na daktari asiyeiuliza anapima nusu ya jambo.

Upimaji huo huonekanaje ndani ya chumba cha daktari? Nimtunge mgonjwa: mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 52, mnene kiasi, mama yake alikuwa na kisukari. Aliwahi kupata mania mara mbili. Sasa ni mwezi wa nne wa sonona. Ana presha, anatumia losartani yenye haidroklorothiazaidi. Hajawaza kujiua. Daktari ni kijana wa umri wa wanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Daktari, mimi nataka dawa isiyogusa moyo. Basi."

"Hiyo sina, mwalimu. Ninazo zinazougusa kwa namna tofauti. Nikuulize: kinachokuogopesha ni kuanguka ghafla, au ni kisukari kama cha mama?"

Mwalimu ananyamaza kidogo. "Mama alikatwa mguu."

Jibu hilo linabadilisha dawa. Kwetiapini ya miligramu 300 kwa miaka mingi haimfai, ingawa ingemwinua haraka. Lithiamu ingewezekana, ila kwanza kidonge cha presha kibadilishwe kiwe amlodipini, figo na tezi ya shingo zipimwe, na awe karibu na maabara. Daktari anasikiliza moyo, hakuna mnong'ono. ECG inaonyesha QT ya 438. Wanakubaliana: lamotrijini ianze leo kwa miligramu 25, na kwa kuwa itachukua zaidi ya mwezi kuanza kufanya kazi, kwetiapini ya dozi ya kati impe usingizi katika kipindi hicho, ipunguzwe lamotrijini ikishafika 200. Uzito kila wiki nne. Kabla ya kusimama kutoka kitandani akae kwanza ukingoni, maana kwetiapini na vidonge vya presha kwa pamoja humshusha mtu presha ghafla, na mfupa wa nyonga ukivunjika akiwa na miaka 52 ni balaa jingine.

Badilisha mgonjwa, na uamuzi unageuka. Kijana mwembamba wa miaka 24, moyo mzima, amejaribu kujiua mara mbili: kwake ningeitaka lithiamu kwanza, na mazungumzo ya QT yangechukua dakika moja. Wote wawili wana ugonjwa mmoja kwenye kadi.

Yuko pia mzee wa miaka 68 ambaye lithiamu imemweka nje ya wodi kwa miaka ishirini, na sasa mapigo yake yameshuka hadi 38 kwa dakika, anazimia akienda msikitini. Wengi wangeisimamisha lithiamu palepale na kushukuru kwamba wamegundua mapema. Lakini lithiamu ikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu, na hatari ya kujiua hupanda katika miezi inayofuata. Daktari mzuri humlaza mahali ambapo mapigo yanaangaliwa usiku na mchana. Hupima kiwango cha lithiamu, labda kimepanda kwa sababu ya figo iliyozeeka. Hupima tezi, kwa kuwa lithiamu huidhoofisha, na tezi iliyodhoofika huchelewesha mapigo, nayo ina dawa yake. Huangalia kama kuna aliyempa propranololi kwa ajili ya kutetemeka mikono, akaiondoa. Kisha hurudia ECG. Mapigo yakibaki chini baada ya yote hayo, na hakuna dawa nyingine iliyowahi kumsaidia mzee huyu, hupelekwa kwa madaktari wa moyo, kama wale wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, awekewe chini ya ngozi ya kifua kifaa ambacho watu hukiita betri ya moyo. Kifaa hushika kazi ya kuanzisha mapigo, naye anaendelea kumeza lithiamu yake, kwa dozi ndogo zaidi, damu ikipimwa kila miezi mitatu.